Mgomba wa Daktari Chupa

Wewe kijana utakayeitwa jukwaani Jumamosi, nakuandikia kabla hujapiga pasi suti yako. Watakupa tuzo, kioo kizito kilichochongwa jani la mgomba, na pembeni yake watakuwekea mkungu wa ndizi. Watu watacheka, nawe utacheka. Kisha mtu wa kamati atasema kwamba jani hilo ni ishara ya rutuba ya Bonde la Ufa. Nimemsikia akisema hivyo kila mwaka, na kila mwaka naangalia viatu vyangu. Si rutuba yoyote. Mgomba ule ulitoka kaburini. Kaburi lilichimbwa kwa sababu ya neno nililolitamka mimi, na aliyekusudiwa kulala humo hakulala humo. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka, na nimeona heri uyasikie haya kwangu mimi niliyekosea.

Nilikuwa dresa. Ninyi mna manesi, maafisa wa tiba na wafamasia, kila mtu na mlango wake. Sisi tulikuwa dresa tu, na dresa alifanya yote ambayo daktari hakuwa na mikono ya kuyafanya: kuosha vidonda, kuchemsha sindano, kuchanganya dawa ya kikohozi, kumshika mtu anayeng'olewa jino, kufukuza mbuzi mlangoni. Nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili huko kwetu Maragoli. Baba alipofariki nikapanda treni mpaka Nakuru kutafuta kazi, na miaka ya hamsini ikanikuta katika dispensari ya daktari mmoja Mhindi, upande wa Bondeni.

Alikuwa ametoka Gujarat kwa meli akiwa kijana. Jina lake la nyumbani lilitushinda ulimi, basi tukamwita Daktari Chupa. Zamani hizo mgonjwa alikuja na chupa yake mwenyewe. Asiye na chupa alirudi nyumbani bila dawa. Swali lake la kwanza kwa mgonjwa, hata kabla ya kuuliza panauma wapi, lilikuwa, "Chupa iko?" Ukisema hakuna, aliinama chini ya meza, akatoa moja kwenye kreti lake la chupa zilizooshwa, akasema, "Sasa iko." Hakuna mtu aliyerudi mikono mitupu kwake kwa kukosa chupa. Watoto wa Bondeni walikuwa wakimwona njiani wanapiga kelele, "Chupa iko?" naye anajibu, "Iko! Mgonjwa iko wapi?"

Nikwambie kidogo kazi ilivyokuwa, maana bila hivyo hutaelewa kosa langu.

Sindano zenu mnadunga mara moja mnatupa. Zetu zilizeeka pamoja nasi. Kila siku nilizinoa kwenye jiwe lenye mafuta, kisha nikazipitisha moja moja kwenye pamba. Ncha ikishika nyuzi za pamba, ujue ina ndoano, na ndoano hiyo itararua nyama ya mtu. Unarudi kwenye jiwe. Wiki yangu ya kwanza Daktari aliniuliza kama sindano ziko tayari, nikasema ziko, na pamba sikuwa nimeigusa. Hakunigombeza. Alichukua ile niliyokuwa nimeishika, akaitia mkononi mwangu, akageuka na kulegeza mshipi. "Dunga mimi." Nilimdunga maji ya chumvi. Aliruka kama mbuzi. "Sasa mimi najua," akasema akijisugua, "na wewe najua." Sikuwahi kuruka pamba tena.

Na wasiojua kusoma tuliwapimia dawa kwa karatasi. Unakata ukanda mwembamba, unaukunja sawasawa, unaukata meno kama ya msumeno, unaubandika ubavuni mwa chupa. Mgonjwa anakunywa mpaka jino la kwanza asubuhi, la pili mchana. Kazi ndogo lakini ina akili zake: chupa yenye mabega haipimwi kama chupa iliyonyooka. Hilo nililijua vizuri. Nilichokosea ni kingine. Mzee mmoja wa reli alileta chupa, nikaisuuza, nikamimina dawa ya kikohozi, nikabandika karatasi nzuri sana. Kesho yake amerudi.

"Dresa, hii dawa yenu inanuka mafuta ya taa."

Daktari aliinusa, akanitazama. "Wewe uliuliza hii chupa nakaa na nini?"

"Hapana, Daktari. Nilidhani..."

"Nilidhani iko dawa gani?" Akafungua kabati, akapitisha kidole kwenye mitungi yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Kwinini naona. Chumvi ya haluli naona. Hii Nilidhani yako hapana ona."

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wangu, kijana. Sikuwa mvivu, wala sikuwa mjinga. Nilikuwa mtu wa kujibu. Mtu akiuliza jambo mbele yangu, niliona aibu kusema sijui, kwa sababu nilivaa koti jeupe na nilikuwa nimesoma.

Jumamosi ilikuwa siku ya kikapu. Wagonjwa wengi walikuwa na shukrani kuliko walivyokuwa na kitu, basi walileta mayai, kabichi, kuku, ndizi. Daktari hakula nyama wala mayai, na ndizi hakuzipenda hata kuziona. Wiki nzima vitu vile vilikaa kwenye kikapu kikubwa, na Jumamosi mchana alitoka nje, akasimama mbele ya foleni, akaniuliza, "Leo nani?" Alitaka nimtaje mtu aliyemsaidia mgonjwa asiye wake: aliyempisha mwenye homa kwenye benchi, aliyebeba mtoto wa mwingine. Huyo alipewa kikapu mbele ya wote, wakampigia makofi. Watu walianza kusaidiana kwenye foleni ile mpaka ikawa kero. Mtu hawezi kukohoa bila watatu kumshika mkono.

Na huko pia nilikosea. Siku moja nikamchagua kijana aliyembeba bibi mzee mgongoni kutoka mtaa wa Free Area mpaka kwetu. Makofi yakapigwa. Kuku amekwisha kukabidhiwa, bibi akasema kutoka kwenye benchi, "Muulizeni basi ni nani aliyenigonga na baiskeli." Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Alikuwa amekuja mpwa wake kutoka Kampala, naye daktari, kumsaidia. Tulimwita Daktari Kijana. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana, foleni ndefu, jua kali. Daktari Chupa alitoka nje kumwangalia mtoto, akamaliza, akaketi kwenye benchi katikati ya wagonjwa, akaegemeza kichwa ukutani. Mama Akinyi, aliyekuwa akiuza samaki sokoni, ndiye aliyeketi karibu naye. Aliweka kidole mdomoni akawaambia wengine, "Shh, mwacheni daktari apumzike, amechoka." Wakashusha sauti. Mtu akamkinga jua kwa kofia. Mimi nilipita mara mbili na beseni, nikanyata nisimwamshe. Nilipokuja mara ya tatu kumwita, nilimgusa bega, na bega likaniambia. Nilikuwa nimegusa wafu wengi katika kazi ile, lakini beseni lilianguka, na sauti yake juu ya saruji ninaisikia hadi sasa. Yule mtu wa kofia alikuwa bado anamkinga jua.

Habari zilipita Bondeni kama moto wa nyasi. Ndani ya muda mfupi lango lilijaa. Na mbele ya watu alisimama Mzee Wafula, mtu wa upande wa kwetu, mnyapara wa reli, mkubwa wa kuheshimiwa. Akaniuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Zablon, mwanangu. Atazikwa wapi?"

Sikujua. Hakuna aliyeniambia neno. Lakini nilikuwa na koti jeupe, na watu wote walinitazama. Nikakumbuka siku moja Daktari alipokuwa akipalilia dhania na bilingani zake nyuma ya dispensari. Nilimuuliza kama atarudi kwao akizeeka, akapiga jembe chini akasema, "India hapana. Mimi nakwisha hapa hapa."

Nikajibu, "Atazikwa hapa hapa. Nyuma ya dispensari. Kesho."

"Basi hawa wenzake wasihangaike," akasema Mzee Wafula. "Kuchimba ni kwetu. Huyu alikuwa mtu wetu."

Jioni Daktari Kijana aliniita, macho yamevimba. Akasema, "Tafuta kuni. Mingi. Kavu. Kesho asubuhi."

Sasa wewe niambie. Kwenu kukiwa na matanga, na mtu akakwambia tafuta kuni nyingi, utafikiri nini? Nilifikiri chakula. Waombolezaji wanakuja kutoka Kisumu, kutoka Nairobi, lazima wapikiwe. Nikaenda kwa wauza kuni karibu na stesheni, nikachagua kama mtu anayechagua mchumba. Nilikataa mkaratusi, nikakataa kila kipande chenye unyevu. Nilitaka mzeituni wa msituni, ule mkavu kabisa, kwa sababu unawaka vizuri na hautoi moshi. Nilisema moyoni, akina mama wapishi watakuwa wanalia vya kutosha. Moshi nao usiwaongezee machozi.

Asubuhi lori likafika na kuni zangu. Nikaona magogo ni makubwa mno kwa mafiga, nikashika shoka nikaanza kuyapasua. Daktari Kijana akatoka mbio. "Hapana kata! Hapana kata! Wacha kubwa!" Nikawaza, Wahindi wana sufuria kubwa kumbe. Akasema tupeleke nje ya mji. Nikawaza, wameona nyumba haitawatosha wageni. Nikapanda juu ya lori, nikakaa juu ya kuni, na njia nzima nilikuwa nikipanga nani atatoa unga.

Huku nyuma dispensarini, Mzee Wafula na watu wa reli walikuwa wamekwisha kuingia kwenye shamba la dhania na sururu zao.

Tulifika mahali pa wazi, pana uzio wa miti na jukwaa la saruji. Wazee wa Kihindi wamevaa nguo nyeupe. Tukashusha kuni, nao wakaanza kuzipanga, wala si kama mafiga. Walizipanga kwa urefu, kisha kwa upana, kama kitanda. Nilizunguka nikitafuta vyombo. Nikamuuliza mzee mmoja, kwa sauti ya mtu wa kazi, "Sufuria ziko wapi, tuanze kuteka maji?"

Alinitazama, akaendelea kupanga kuni.

Kisha gari likaja, wakamshusha Daktari amefungwa sanda na maua, uso wake wazi, na wakamlaza juu ya kuni zangu.

Sitakuelezea yaliyofuata. Nitakwambia tu kwamba nilifungua mdomo kupiga kelele na hazikutoka. Nilidhani ni ndoto. Mtu aliyenifundisha kuchemsha sindano, aliyecheka mpaka akavua miwani! Na zile kuni ziliwaka vizuri kabisa, kama nilivyotaka. Wale wazee walisimama kwa heshima, mikono imekunjwa, wengine wakiomba. Kwetu, kijana, aliyechomwa ni mchawi au mwizi. Wakati ule sikujua njia nyingine ya kuuona moto ule.

Nilirudi kwa miguu. Nikakuta umati nyuma ya dispensari, shimo limekwisha, kuta zake zimenyooka kama zimepigwa rula, udongo umewekwa kando vizuri. Walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiogopa kila mkusanyiko, watu wengi na sururu mahali pamoja ni taabu, na askari alikuwa amekuja kweli kuuliza wanachimba nini. Alipoambiwa ni kaburi la Daktari Chupa alivua kofia, naye akabaki. Wote waligeuka kunitazama.

"Mmemleta?" akauliza Mzee Wafula.

"Hapana."

"Wanamleta saa ngapi?"

"Mzee, hawamleti." Nikameza mate. "Wamemchoma."

Wimbo ulikufa. Mama Akinyi ndiye aliyesogea mpaka mbele yangu, akanusa koti langu.

"Wamemchoma. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nabeba kuni."

Alinizaba kofi. Sikumlaumu, wala simlaumu leo. Wanawake wakaanza kulia upya, kilio kingine kabisa, cha hofu. Na kwa kilio hicho mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka Mama Daktari, mke wa marehemu, amevaa sari nyeupe. Kwa mila yao wanawake hawakwenda kule motoni. Alikuwa ndani na wenzake tangu asubuhi. Alitazama watu. Akatazama dhania yake iliyong'olewa. Akatazama shimo.

"Hii nini?"

Nikajibu mimi.

"Kaburi, Mama."

"Ya nani?"

"La Daktari."

Alishika mlango. Ninakwambia, uso wake ulikuwa vile vile kama wangu kule kwenye kuni. Kwao, kumfukia mume wake kwenye udongo kama takataka, hilo ndilo lililokuwa la kutisha. "Funika," akasema. Kisha kwa sauti kubwa, "Funika! Funika!"

Watu wa reli wakashika makoleo kwa hofu, udongo ukaanza kurudi. Walikuwa wamefika nusu Mzee Wafula alipoinua mkono. "Simameni. Kaburi halifungwi tupu. Mnajua wenyewe. Lililochimbwa kwa jina la mtu likifungwa tupu, litatafuta mwingine. Zablon, leta shina la mgomba."

Kwetu hivyo ndivyo tunavyofanya mwili unapokosekana. Mama Akinyi, huku akifuta machozi, akasema, "Chukua kwangu." Nilikimbia. Shina ndilo huzikwa, limekatwa kwa panga, bila mizizi. Mimi sikuwa na panga, wala sikuuliza. Nilikuwa na jembe. Nikaung'oa mgomba mzima na kichwa chake cha mizizi, nikaubeba begani. Tukauvisha shuka la dispensari. Haukulala vizuri kwenye lile shimo la nusu. Ulikaa umeinama, upande wa mizizi ukiwa juu. Mama Daktari alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Hii iko nini sasa?"

"Mama," nikasema, na nilijisikia mpumbavu kuliko siku zote za maisha yangu, "huyu ndiye Daktari."

Alitazama ule mgomba ndani ya shuka.

"Yeye hapana penda ndizi," akasema, akaingia ndani akafunga mlango.

Jumatatu foleni haikuwepo. Jumanne haikuwepo. Benchi lilikaa tupu. Bondeni walisema pale wanachoma watu, na ukilazwa ukifa hutarudishwa kwenu. Watu walipita upande wa pili wa barabara. Daktari Kijana, tabibu mzuri kabisa, alikaa na gazeti, nami nilinoa sindano zisizotumika. Mama Akinyi alipatwa na homa akakaa nayo nyumbani. Kuna mtoto wa jirani yake ambaye nadhani angepona kama angeletwa. Kreti la chupa likashika vumbi. Niliwasikia Mama Daktari na mpwa wake wakizungumza Kigujarati, na nilitambua neno Kampala. Walikuwa wanataka kufunga dispensari. Mlango ambao haukuwahi kumrudisha mtu ungefungwa kwa sababu mimi nilijibu swali bila kujua jibu.

Mvua zikaja. Asubuhi moja naenda nyuma kumwaga maji ya beseni, nikaona kitu kijani kimesimama katikati ya lile tuta tulilofukia, kimejikunja kama karatasi ya dawa. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Mgomba wa kaburini hauoti, kijana! Umezikwa uoze, ndiyo kazi yake. Nikamwita Mzee Wafula. Akaja, akautazama, akavuta pumzi kwa meno.

"Uliuzika na mizizi?"

"Ndiyo, mzee."

"Zablon, hivi wewe shule ulisomea nini? Kata. Kata kabla watu hawajaona."

Nikaleta panga, safari hii nilikuwa nalo. Nimelinyanyua, sauti ikatoka dirishani.

"Wacha."

Mama Daktari akatoka. "Wewe nasema hii iko nani?"

"Daktari, Mama."

"Sasa wewe nataka kata yeye?"

Nikaweka panga chini.

Watu waliona, bila shaka waliona. Neno likaenda mpaka sokoni kwamba Daktari Chupa ameota. Wakaanza kuja kuchungulia juu ya ua, mmoja mmoja, kisha makundi. Walishika vichwa, walishika vifua. Mama aliwaona, akaacha kuzungumzia Kampala. Siku moja mchunguliaji mmoja akashikwa na kikohozi kikali hapo hapo uani. Daktari Kijana akaweka gazeti, akatoka nje na Kiswahili chake kidogo, akasema, "Chupa iko?" Mtu yule aliduwaa. "Hakuna," akasema. Na yule kijana akaingia ndani, akainama chini ya meza.

Hivyo wakaanza kurudi, lakini wachache, na kwa woga. Wengi walikuja kuutazama mgomba tu. Nakuru kuna baridi, mgomba hukua polepole. Ulichukua zaidi ya mwaka kuzaa. Mkungu ulipokomaa, ndege wakaanza kudonoa chane la juu lililokuwa limeiva, hakuna mtu aliyethubutu kuugusa. Nani ale ndizi ya kaburi? Basi Jumamosi moja, bila kumwambia mtu, Mama akauangusha mwenyewe kwa panga langu, akatoka nao mbele, akaulaza juu ya benchi. Watu walikuwa wengi barabarani. Akanigeukia.

"Leo nani?"

Sikuwa nimelisikia swali hilo tangu Daktari alipofariki. Na mdomo wangu, mdomo huu huu, ulikuwa umeshafunguka kutaja jina. Nikaufunga.

"Mama, ngoja niulize."

Nikawageukia watu. "Jamani, leo nani?"

Kisha mmoja akasema, "Mpe Mzee Wafula. Alichimba."

"Mimi nilichimba nyumba ya ndizi," akasema Mzee Wafula. "Msinitie aibu." Wakacheka, mara ya kwanza kwenye uwanja ule tangu msiba.

Mama Akinyi akapenya mbele na kikapu chake cha samaki kichwani. "Mpeni mwenye shamba. Tuliingia kwake siku ya msiba wake, tukang'oa mboga zake, tukamchimbia mumewe kaburi chini ya dirisha. Hakuita polisi. Polisi alikuwa hapo hapo na hakumwita! Mimi mtu akinichimbia shimo bomani kwangu, yeye ndiye atalala ndani."

Makofi yakaanza kwa mbali, yakaja yakijaa. Mama Daktari hakuelewa mara moja. Daktari Kijana alimweleza kwa lugha yao. Aliutazama mkungu. Akachuma ndizi moja mbivu kutoka chane la juu, akaanza kuimenya.

"Mama, hapana!" Mtu alipiga kelele. "Hiyo ni ya kaburi!"

Akauma.

Tulishtuka kama mtu mmoja. Wanawake walifunika macho. Daktari Kijana alisogea kana kwamba atamdaka. Tulisubiri aanguke. Alitafuna polepole, akameza, akawaza.

"Tamu," akasema. Kisha, "Yeye hapana penda ndizi. Hii moja, labda."

Akachuma nyingine, akaja nayo kwangu. "Wewe nabeba kuni ile siku."

Nilikuwa nimelisubiri hilo muda wote ule. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Samehe nini? Sisi mwanamke hapana kwenda huko. Mimi nakaa dirishani, naangalia ile upande. Mimi naogopa ona moshi yake. Nangoja, nangoja, moshi hapana. Mbingu safi tu. Mimi nauliza mpwa, nani nachagua hii kuni mzuri? Yeye nasema, Zablon." Akanitia ndizi mkononi. "Kula."

Jumatatu foleni ilifika langoni. Mwaka uliofuata chipukizi la pili likazaa, na wazee, Mama Daktari na Mama Akinyi wakakaa pamoja kuchagua wa kupewa. Ndivyo tuzo yenu ilivyoanza. Kioo kilikuja baadaye sana, kamati baadaye zaidi, na dispensari imejengwa upya mara ngapi sijui, lakini mgomba umeachwa uani, na mkungu watakaokupa ni wa chipukizi la machipukizi yake.

Limebaki jambo moja. Ile ndizi sikuila. Niliishika, nikatazama macho ya yule mama aliyekuwa akinisubiri, nikasema, "Nitakula nyumbani," nikaitia mfukoni mwa koti jeupe. Njiani nikampa mbuzi. Niliogopa. Aliyefiwa alikula, mimi msomi nikaogopa, na Mama alijua, maana hakuniuliza ilikuwa na ladha gani. Alifariki Nakuru miaka mingi baadaye. Zamu hiyo nilikwenda mwenyewe stesheni kuchagua kuni, na nilijua ni za nini.

Kwa hiyo Jumamosi usingoje picha ziishe. Angalia chane la juu kama kuna iliyoanza kuiva. Mimi nitakuwa benchi la mbele, mzee mwenye fimbo na koti kuukuu. Niletee moja. Usiniache niitie mfukoni. Simama hapo hapo mbele yangu mpaka nimalize.